Mita moja, vyumba sita: umeme na maji tugawane kwa kipimo gani?

Binti wa Mbagala

Ndugu zangu, naomba ushauri wa watu waliokwisha kulipitia jambo hili, iwe kwa upande wa mwenye nyumba au wa mpangaji. Marehemu baba alituachia nyumba ya vyumba sita Mbagala, ya mtindo ule wa korido katikati na vyumba vitatu kila upande. Mama anaishi humo humo, katika chumba cha mbele, pamoja na wapangaji watano. Mimi ndiye ninayemsaidia hesabu, kwa sababu macho yake hayasomi tena vizuri ujumbe wa simu. Nyumba ina LUKU moja, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, na mita moja ya maji ya DAWASA, na tangu enzi za baba utaratibu umekuwa ule ule: umeme ukikaribia kwisha, mama hupita mlango kwa mlango akikusanya fedha sawa kwa sawa kwa kila chumba, na bili ya maji ikija hufanywa vivyo hivyo.

Utaratibu huo ulitosha wakati kila chumba kilikuwa na taa moja na redio. Leo chumba cha pili kina mama anayeuza barafu, mwenye friza inayonguruma usiku na mchana. Cha tatu wanaishi baba, mama na watoto watatu, wana friji na televisheni. Cha nne yuko fundi cherehani anayepiga pasi nguo za wateja wake pale pale chumbani. Cha tano ni mwalimu wa shule ya msingi anayeishi peke yake na birika lake la umeme, na cha sita ni kijana mlinzi wa usiku, ambaye ana taa, simu na feni ya kumsaidia kulala mchana.

Mwezi uliopita tulitumia uniti 280 hivi, na kwa bei ya shilingi 356 kwa uniti ikawa karibu laki moja, yaani kila chumba kilitakiwa kutoa shilingi 16,600. Yule kijana alikuja kwa mama jioni kabla ya kwenda lindoni, akasimama mlangoni na kofia yake mkononi, akasema kwa adabu: «Mama, usiku kucha mimi nalinda mali za watu. Hiyo elfu kumi na sita naiwashia nini?» Mama hakuwa na la kumjibu, nami sikuwa nalo.

Kuna mengine mawili yanayonisumbua. Rimoti ya LUKU, kile kifaa cha kuingizia tokeni na kuonyesha uniti zilizobaki, iko chumbani kwa mama, na nimesikia minong'ono kwamba chumba chake hakichangii, ilhali anachangia kama wengine, na mara nyingi hujaza pengo la aliyechelewa kutoka mfukoni mwake. La pili ni ile kodi ya jengo ya shilingi 1,500 inayokatwa kila mwezi tunaponunua umeme. Nayo tumekuwa tukiigawa kwa vyumba vyote. Je, ndivyo inavyopaswa kuwa?

Mpangaji, Tabata

Dada, pole kwa majukumu. Mimi nimepanga kwa miaka kumi na mmoja katika nyumba nne tofauti, na katika zote sijawahi kuona wapangaji wakigombana na mwenye nyumba kwa sababu ya ukubwa wa gharama peke yake. Ugomvi huanzia pale ambapo mtu mmoja ndiye anayejua hesabu na wengine wanaambiwa tu kiasi cha kutoa. Nyumba yangu ya pili, mwenye nyumba alikuwa akitangaza kila baada ya siku nne kwamba umeme umekwisha, nasi tulichanga bila kuona tokeni wala risiti. Inawezekana kabisa alikuwa mkweli, lakini hatukuwa na namna ya kulijua hilo, na shaka ile ilitula hadi tukaacha kusalimiana.

Kwa hiyo, hata kabla ya kununua kifaa chochote, itoeni rimoti chumbani kwa mama muitundike koridoni, mahali ambapo kila mtu akipita ataona uniti zilizobaki. Ujumbe wa manunuzi nao usambazwe kwa wapangaji wote kama ulivyo. Ujumbe ule unaonyesha uniti zilizopatikana, kodi ya ongezeko la thamani, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini), tozo ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) na hiyo kodi ya jengo, kila kimoja na kiasi chake, hivyo hakuna haja ya mama kumweleza mtu chochote kwa mdomo.

Kuhusu kodi ya jengo jibu langu ni fupi. Ni kodi ya mwenye jengo. Serikali ilianza kuikusanya kupitia LUKU mwezi Agosti 2021 kwa sababu ndiyo njia rahisi ya kuifikia kila nyumba. Mpangaji akiilipa kwa sababu yeye ndiye aliyenunua tokeni, anastahili kurudishiwa au kukatiwa katika kodi ya chumba. Mama ailipe yeye. Kiasi chenyewe ni kidogo, na heshima atakayoipata ni kubwa kuliko hizo shilingi 250 za kila chumba.

Fundi umeme, Ukonga

Naungana na aliyetangulia kuhusu uwazi, ila uwazi peke yake hautamjibu yule mlinzi. Hata akiiona risiti, bado atalipia friza isiyo yake. Jibu lake ni kipimo, na kipimo ni mita ndogo kwa kila chumba, ambazo sisi mafundi huziita sabumita. Hufungwa baada ya LUKU na swichi kuu, upande wa mteja. LUKU yenyewe na lakiri zake haziguswi na fundi wa mtaani hata siku moja, na fundi atakayekwambia atazifungua ili arahisishe kazi, mfukuze.

Kabla hamjanunua mita, mwite fundi mwenye leseni akague njia za nyaya, kwa sababu nyumba nyingi za zamani za aina hiyo zilifungwa umeme kwa kuungaunga kila mpangaji mpya alipokuja. Nimeshakuta nyumba ambapo soketi ya chumba cha tatu ilikuwa ikila kutoka kwenye laini ya chumba cha nne, na wenye vyumba hivyo hawakuwa na habari. Kuna jaribio rahisi ambalo hata wewe unaweza kulisimamia: zimeni chumba kimoja kwenye ubao wa swichi, kisha mpite vyumba vyote mkijaribu taa na soketi. Kitakachozimika pasipo kutarajiwa ndicho kinachokula kwa jirani. Fundi pia atenganishe nyutro za vyumba, yaani nyaya za kurudishia umeme, maana zikichanganyika zipo mita zitakazosoma kilichotumika kwingine, na hapo mtakuwa mmenunua ugomvi mpya kwa fedha zenu wenyewe.

Mita zikishafungwa, zijaribuni mbele ya wapangaji wote. Chukueni pasi au birika ambalo wati zake zimeandikwa chini yake. Birika la wati 2,000 likichemka kwa dakika sita litatumia uniti 0.2. Andikeni namba kabla, washeni, andikeni namba baada ya hapo. Nimeona wapangaji waliokuja kwenye jaribio hilo wamekunja uso, na namba ilipopanda mbele ya macho yao wakaanza kuulizana wenyewe friji zao zinakula kiasi gani.

Someni mita zote siku ile ile ya kila mwezi, saa ile ile, pamoja na ile ya LUKU, na msomaji asiwe mama. Jumla ya mita ndogo haitalingana na LUKU, na msishtuke, kwa kuwa taa za nje, taa ya korido na pampu ya tangi, kama mnayo, havipiti kwenye mita ya mtu. Tofauti hiyo ndiyo matumizi ya pamoja, nayo gaweni kwa vyumba sawasawa. Ikivuka uniti ishirini kwa nyumba kama yenu, nitumieni ujumbe, kwa kuwa kutakuwa na waya unaovujisha umeme au taa ya nje inayowaka mchana kutwa.

Kuhusu mama wa barafu, kabla hamjamhukumu, mkague friza yake. Wekeni karatasi kati ya mlango na kuta zake, mfunge, kisha mvute. Karatasi ikitoka bila kushikwa, mpira wa mlango umechoka, baridi inatoka na mota haipumziki. Aiyeyushe pia ile barafu iliyoganda kwenye kuta kila inapofikia unene wa kidole, na aisogeze kutoka ukutani ili joto lipate pa kutokea.

Mama mwenye vyumba, Mombasa

Mwanangu, mimi nina vyumba vinane huku Mombasa na hadithi yako ni yangu, tofauti ni kwamba sisi twaita stima. Nitasema juu ya maji, maana wenzangu wameyapita.

Maji hayafanani na umeme. Umeme huliwa na vyombo, na chumba cha mtu mmoja mwenye friza kitakula kuliko chumba cha watu watano. Maji huliwa na watu, kwa kuoga, kufua na kupika, na kila kichwa kinatumia kiasi kisichopishana sana na kingine. Kwa hiyo usigawe kwa vyumba, gawa kwa vichwa. Mimi huhesabu mtoto wa chini ya miaka mitano kuwa nusu. Wapo waliobisha kwamba nepi zafuliwa kuliko nguo za mkubwa, na wana haki ya kubisha, lakini tulikubaliana hivyo kikaoni na imedumu. Mgeni anayekaa zaidi ya wiki moja huhesabiwa. Mwenye biashara ya maji, kama huyo mama wa barafu au mtu anayefua kwa malipo, huongezwa kichwa kimoja au viwili kwa makubaliano.

Hapa kwangu kisima kina maji ya chumvi, ya kuogea na kufulia, na ya kunywa kila mtu hununua mitungi yake kwa wachuuzi wa mikokoteni. Basi gharama yangu ya maji ya kisima kwa hakika ni stima ya pampu, nayo nimeiwekea mita yake peke yake. Ukiwa na pampu, fanya hivyo hivyo.

Na jambo moja zaidi, usilale juu ya mita ya maji. Uniti moja ni lita elfu moja, yaani ndoo hamsini za lita ishirini. Usiku watu wakishalala, funga mifereji yote, soma mita, uisome tena alfajiri kabla ya mtu kuamka. Namba ikiwa imesogea, kuna mahali panapovuja, na aghalabu ni tangi la choo linalotiririka kimyakimya. Uvujaji wa bomba na wa choo ni mzigo wa mwenye nyumba, si wa kugawia watu. Mimi nililipisha watu uvujaji kwa miezi minne bila kujua, na nilipogundua niliwarudishia kwa kupunguza kodi.

Binti wa Mbagala

Ahsanteni sana, na shikamoo mama wa Mombasa. Nimepiga hesabu za mita sita ndogo na kazi ya fundi, na mama yuko tayari kuzilipia. Kinachomzuia ni mama wa barafu. Ni mjane, anasomesha watoto wawili walioko kijijini kwa bibi yao, na mama anaogopa kwamba akitajiwa gharama yake halisi atashindwa na kuhama. Mama anasema bora wote waendelee kuumia kidogo kuliko mmoja kuumia sana. Nimjibuje?

Mwenye nyumba, Tandika

Dada, moyo wa mama ni mzuri, lakini fedha ambazo mama wa barafu hazilipi hazitoki kwa mama, zinatoka kwa mlinzi wa usiku na kwa mwalimu, na hao hawakuulizwa. Mama akitaka kumsaidia mjane, na ni vyema kumsaidia, ampunguzie kodi ya chumba kwa miezi kadhaa, kwa fedha yake mwenyewe na kwa kiasi kinachojulikana. Isitoshe, mtu anayeuza barafu bila kujua umeme wake unagharimu kiasi gani hajui kama anapata faida au anauza hasara.

Nataka kuongeza jambo ambalo limenigharimu mimi miaka mingi kabla sijalielewa. TANESCO, shirika letu la umeme, wana kundi la watumiaji wadogo wa majumbani, ambao kwa wastani hawavuki uniti 75 kwa mwezi, na hao hulipa shilingi 100 kwa uniti, ambazo pamoja na kodi na tozo huwa 122. Watumiaji wa kawaida hulipa 292, ambazo huwa hizo 356 unazozitaja. Bei hiyo nafuu iliwekwa kwa ajili ya watu wenye kipato kidogo kama wapangaji wako. Lakini kwa kuwa wote sita wamejazwa nyuma ya LUKU moja, mita inaona mteja mmoja mkubwa wa uniti 280, na kila mmoja wao, pamoja na yule mlinzi mwenye taa na feni, analipa bei ya mtu mwenye matumizi makubwa. Wapangaji maskini katika nyumba yenye mita moja wananunua umeme kwa karibu mara tatu ya bei waliyokusudiwa, na hakuna mtu aliyewaibia. Ni mpangilio tu wa nyaya. Jambo hili linaniuma kila ninapopita mitaa yetu na kuona nyumba za vyumba kumi zenye mita moja ukutani. Nasikia Kenya nako bei ya chini kabisa ya nyumbani, tangu Aprili 2023, ni kwa wasiovuka uniti 30 kwa mwezi, kwa hiyo mama wa Mombasa atanielewa.

Chukua ile familia ya watu watano. Tuseme wanatumia uniti 60. Kwa LUKU yenu wanalipa 21,360. Wangekuwa na LUKU yao katika kundi lile dogo wangelipa 7,320. Tofauti ni zaidi ya elfu kumi na nne kila mwezi. Kuunganishiwa umeme mjini, njia moja, pasipo kuhitaji nguzo, ni shilingi 320,960, kwa hiyo fedha hiyo hurudi ndani ya miaka miwili. Mpangaji hawezi kuiweka fedha hiyo katika nyumba ya mtu ambayo anaweza kuhama mwezi ujao. Mwenye nyumba anaweza. Mimi nilianza na chumba kimoja, nikaongeza kodi yake kwa elfu tano kwa makubaliano, na mpangaji bado alibaki na nafuu ya karibu elfu tisa.

Mambo mawili ya kuangalia. Mita mpya haiingii yenyewe katika kundi la bei nafuu, inabidi kwenda ofisini kuulizia na matumizi yathibitike kuwa madogo. Mteja akiwa katika kundi hilo, uniti zinazozidi 75 hutozwa 350 kabla ya kodi, ghali kuliko bei ya kawaida, kwa hiyo mama wa barafu si mtu wa kuanzia. La pili, nyumba ikiwa na LUKU zaidi ya moja, fuatilieni ili kodi ya jengo isikatwe mara mbili kwa jengo moja.

Na kabla ya yote hayo, andikeni. Karatasi moja tu, yenye namna ya kugawa umeme, namna ya kugawa maji, siku ya kusoma mita, nani hulipia kunyonya choo na nani hulipia taka, na itakuwaje mtu akichelewa. Kila mpangaji aweke sahihi, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa ashuhudie.

Binti wa Mbagala

Narudi baada ya miezi miwili kama nilivyoahidi baadhi yenu kwa ujumbe.

Fundi tuliyempata alikuta jambo lile lile alilolisema ndugu wa Ukonga: soketi moja ya fundi cherehani ilikuwa imeungwa kutoka chumba cha mwalimu. Ilichukua siku mbili kunyoosha nyaya. Jaribio la birika tulilifanya koridoni Jumapili baada ya kanisa, wapangaji wote wakiwapo, na watoto wa chumba cha tatu ndio waliosoma namba kwa sauti.

Mwezi wa kwanza LUKU ilisoma uniti 286. Mama 52, mama wa barafu 88, familia 61, fundi cherehani 34, mwalimu 18, na mlinzi 15. Zilizobaki 18 ni za taa za nje, korido na pampu, yaani tatu kwa kila chumba. Mlinzi alilipa shilingi 6,408. Alihesabu mara mbili kwenye simu yake, akamshukuru mama, akaondoka kwenda lindoni. Mama wa barafu ilimpasa alipe 32,396, na nilikaa naye kitandani kwake kwa saa nzima tukipitia daftari lake la mauzo. Friza ilishindwa lile jaribio la karatasi pande mbili. Mama alimnunulia mpira mpya wa mlango, na akampunguzia kodi ya chumba elfu kumi kwa miezi mitatu, kwa maandishi. Mwezi wa pili mita yake ilisoma 71.

Kwa hesabu ya ndugu wa Tandika, 71 ni chini ya 75, na mama wa barafu ameliona hilo kabla yangu. Ameniuliza kama akiweza kubaki hapo kwa miezi kadhaa anaweza naye kuombewa LUKU yake. Tumeanza na ile ya familia, maombi tumeyatuma kwa NIKONEKT, mfumo wa TANESCO wa kuomba umeme kwa mtandao, wiki iliyopita.

Maji tunagawa kwa vichwa, watoto watatu wakihesabiwa kila mmoja kichwa kizima kwa sababu wote wamevuka miaka mitano. Kodi ya jengo analipa mama. Rimoti iko koridoni. Bado hatujakubaliana kuhusu kunyonya choo, kwa kuwa fundi cherehani anasema wateja wake hawatumii choo chetu na familia inasema wanatumia, na kikao kitakaa tena. Mita zitasomwa tarehe moja saa moja asubuhi, na mwalimu ndiye atakayeandika.